Kila siku unapiga dramu lakini hukui? Tatizo haliko mikononi

Kuna swali huwa halikosi kila wanapokutana watu wanaojifunza dramu, na mi mwenyewe nilishawahi kuliuliza nikiwa na hasira kabisa: nakaa kwenye dramu saa nzima kila siku, mikono inauma, majirani wamenichoka, sasa mbona nikiingia kwenye bendi mtu wa besi ananigeukia na kuniambia "unakimbia", yaani naharakisha mwendo? Nakimbia vipi wakati video zote za mtandaoni nimeangalia na ile biti naijua mpaka usingizini?

Jibu la haraka ni kwamba ile saa nzima hukuwa unafanya mazoezi, ulikuwa unapiga dramu, na hivi vitu viwili havifanani hata kidogo. Kupiga ni kurudia unachokiweza kwa sababu kinakufurahisha, na hakuna ubaya, ndo maana tulinunua vijiti. Mazoezi ni kukaa na kitu usichokiweza mpaka kianze kukukubali. Wengi wetu tunakaa chini, tunapiga ile biti yetu moja tunayoipenda, tunazungusha tomu (zile ngoma za juu na pembeni) kidogo, tunamalizia na krashi (kisahani kikubwa cha kelele), afu tunarudia hivyo hivyo dakika sitini, jasho linatoka kweli ila hakuna kipya kilichoingia.

Sasa kipya chenyewe ni nini? Hapa ndo penye fundo, na wengi wanadhani jibu ni spidi. Hebu fikiria kidogo dramu inavyofanya kazi. Mtu wa gitaa akipiga noti anaweza kuivuta, mwimbaji ana pumzi yake, anaishikilia anavyotaka. We ukipiga snea, ile ngoma ya katikati ya magoti, inasema "ta" na imeshaisha, huwezi kuirefusha. Kwahiyo ulichobaki nacho mkononi ni mambo mawili makubwa: unapiga lini na unapiga kwa nguvu gani. Hiyo "lini" ndo kazi yenyewe, yaani mpiga dramu ni mtu wa kugawa muda, na unachotakiwa kukifanyia mazoezi ni ile nafasi kati ya pigo na pigo, zaidi ya mapigo yenyewe.

Ukilielewa hilo utaelewa pia kwanini kila mwalimu anakwambia "piga polepole" na kwanini hatumsikilizi. Tempo 60 maana yake biti sitini kwa dakika (biti hapa ni hesabu moja, sio ule mdundo mzima unaopiga), biti moja kila sekunde. Ukiigawa kila biti mara nne, kati ya pigo na pigo kuna robo sekunde. Ukipandisha mpaka 120 inabaki nusu ya hapo, sekunde 0.125, na kwenye nafasi ndogo hivyo mkono unabebwa na mwendo wenyewe, makosa yanapita hayaonekani. Ila shusha mpaka 40. Sasa kati ya biti na biti kuna sekunde moja na nusu, na hiyo ni nafasi kubwa ya kupotea humo ndani, mkono unataka kushuka kabla ya wakati, unaanza kuwaza mambo mengine, unarudi umeshachelewa. Polepole ni ngumu kuliko fasta, wanaosema polepole ni ya watoto wajaribu kupiga biti ya kawaida kwa 40 dakika tatu bila kuyumba.

Kifaa cha kupimia ni metronomu, ile inayolia kliki, "tik", kwa mwendo sawa unaoupanga, na najua hakuna anayeipenda. Ilipewa hataza mwaka 1815 na jamaa anaitwa Maelzel, ingawa wazo la mashine yenyewe alilichukua kutoka kwa Winkel wa Amsterdam, kwahiyo hata kelele ya kuibiana kazi kwenye muziki haijaanza jana. Siku hizi iko bure kwenye simu. Tatizo ni kwamba watu wengi wanaiwasha afu wanaikimbiza, wanasikia "tik" ndo wanapiga, na hapo umeshachelewa tayari maana umesubiri usikie. Unatakiwa ujue itakapolia kabla haijalia. Kuna dalili moja nzuri ya kujua umepatia: ukipiga sawasawa juu yake, kliki inapotea, huisikii, snea imeifunika. Ukiisikia vizuri pembeni ya snea yako, ama umeiwahi ama imekuwahi. Mara ya kwanza ikinitokea nilidhani chaji imeisha.

Kuna kitu kingine kuhusu kuhesabu ambacho sijui kwanini hatufundishwi. Video nyingi zinahesabu kwa Kiingereza, wanaweka neno kati ya namba kupata nusu biti, na sisi tunaiga au tunatafsiri, "moja na mbili na", tunajazana maneno mdomoni. Wakati namba zetu nne za kwanza kila moja ina silabi mbili! Mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Ukitamka kila silabi kwa urefu sawa umeshapata nusu biti zote nane za baa nzima bila kuongeza neno lolote (baa ya muziki hapa, yaani kundi la biti nne, sio ile nyingine). Ukitaka mapigo matatu ndani ya biti moja tamka "ka-ri-bu". Ukitaka manne tamka "po-le-po-le". Usiweke mkazo kama unavyoongea kawaida, tamka flati kama roboti, silabi zote sawa.

Ukishapata hiyo, zoezi langu la kwanza kwa mtu yeyote ni hili, na halihitaji hata dramu, padi (kile kibao cha mpira cha mazoezi) inatosha au kitabu kigumu juu ya meza. Weka 60. Baa moja piga pigo moja kwa kila kliki. Baa inayofuata mawili, mo-ja mbi-li ta-tu n-ne. Inayofuata matatu matatu, karibu karibu karibu karibu. Afu manne, polepole mara nne. Halafu shuka hivyo hivyo: matatu, mawili, moja. Mdomo unatamka muda wote, kwa sauti. Utaona unapanda vizuri, ila pale unapotoka mbili kwenda tatu mkono wa kulia unashtuka, na unaporudi kutoka nne kwenda tatu ndo kabisa, unapiga kitu ambacho sio tatu wala nne. Hapo ndo pa kukaa. Wiki mbili za hilo zoezi dakika kumi kwa siku zimenisaidia kuliko miezi kadhaa ya kuiga mapigo ya watu.

Tuje kwenye mikono sasa, maana najua kuna mtu anasema mi nafasi naielewa ila mkono unakaza. Ni kweli unakaza, na mara nyingi ni kwa sababu unajaribu kufanya kazi ambayo kijiti kingeifanya chenyewe. Angalia neno lenyewe, kudunda. Ngoma inadunda, mpira unadunda, na kijiti nacho kinadunda. Shika kijiti kwa kidole gumba na cha shahada, kama kwenye theluthi ya urefu ukipimia kutoka nyuma, vidole vingine vitatu vikizunguke tu bila kukibana, afu kiachie kianguke kwenye padi. Kikidunda mara kadhaa chenyewe mpaka kikatulia, mshiko wako uko sawa. Kikisema "tap" moja na kufa, umekinyonga. Wanaopiga fasta hawanyanyui kijiti kila pigo, ngozi ndo inakirudisha juu, wao wanakisukuma kidogo tu kishuke tena, kama mtoto anavyodundisha mpira kwa kiganja. Ndo maana siwashauri wanaoanza wapige kwenye mto wa kitandani kila siku, mto haurudishi kitu, unakufundisha kunyanyua.

Kuhusu vijiti usisumbuke sana, chukua 5A, ile ya urefu wa kama sentimita 40, ni saizi ya katikati na wengi wanaanzia hapo. Kuhusu ule mshiko wa mkono wa kushoto uliogeuzwa kiganja juu ambao unauona kwa wapiga jazi, ulitoka kwa wapiga ngoma wa jeshi, ngoma ilikuwa inaning'inia begani na imelala upande, sasa ilibidi mkono wa kushoto uifuate hivyo. Ngoma yako haijalala, kwahiyo anza na mikono yote kushika sawa, ule mwingine utaujaribu baadae ukitaka. Na ukisikia maumivu ya kuchoma kwenye kifundo cha mkono, acha hapo hapo. Uchovu ni kawaida, ila maumivu sio sehemu ya mazoezi hata kama kuna mtu anajisifia nayo.

Rudimenti, yaani mifumo midogo ya kupanga mapigo ya mikono. Mtu anasikia hilo neno anakimbia. Orodha inayotumika sana ni ya Percussive Arts Society, chama cha wapiga ngoma, ya mwaka 1984, ina rudimenti 40, na mtu anayeanza akiiona anadhani lazima azimalize zote ndo aruhusiwe kupiga nyimbo. Hapana. Chukua tatu tu: moja moja, mbili mbili, na paradido. Ukiandika kwenye daftari utagundua kulia na kushoto zote zinaanza na K, kwahiyo mi naandika L na S. Moja moja ni LSLS, mbili mbili ni LLSS, paradido ni LSLL SLSS. Angalia hiyo ya mwisho vizuri: kundi la kwanza linaanzishwa na kulia, la pili linaanzishwa na kushoto, yaani mkono wa kushoto unalazimishwa kuongoza hata kama hautaki. Piga polepole afu sikiliza, usiangalie. Mtu mwingine akiwa chumba cha pili asiweze kujua lini umepiga na mkono upi. Ukisikia "ta-ta-ta-tu", ile ya nne imekuwa dhaifu, basi umeshapata kazi ya kesho.

Kupandisha spidi pia kuna utaratibu wake na hauna ujanja. Ukipiga dakika nzima bila kukosea na bila bega kupanda kwenye sikio, ongeza 2, au 4 ukiwa na siku nzuri. Ukiharibu, rudi. Andika tarehe na namba kwenye daftari, leo paradido 72, keshokutwa 74. Siku ikifika ukaona hukui, unafungua daftari unakuta mwezi uliopita ulikuwa 58. Kichwa kinasahau haraka sana kilipotoka.

Haya, miguu imeingia na kila kitu kimeharibika. Hii ndo sehemu watu wanakata tamaa, wanasema ubongo wangu hauwezi kufanya vitu vinne kwa wakati mmoja. Sawa, lakini hata wa mtu mwingine haufanyi hivyo. Hebu tuipasue ile biti ya kawaida ambayo kila mtu anaanza nayo, haihati (visahani viwili vyenye pedali ya mguu wa kushoto) inaenda nusu biti zote, kiki (ngoma kubwa ya chini, ya mguu wa kulia) kwenye moja na tatu, snea kwenye mbili na nne. Tuiweke kwenye silabi zetu nane. "Mo" ni haihati na kiki pamoja. "Ja" haihati peke yake. "Mbi" haihati na snea. "Li" haihati peke yake. "Ta" haihati na kiki. "Tu" haihati. "N" haihati na snea. "Ne" haihati. Umeona? Kwenye biti nzima kuna matukio matatu tu: haihati na kiki, haihati na snea, haihati peke yake. Mwili wako haufanyi vitu vinne, unafanya kitu kimoja kati ya vitatu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepanda ngazi.

Na ndo maana ukitaka biti mpya huhitaji kujifunza upya. Ongeza kiki moja kwenye "li". Hilo tukio la haihati na kiki unalijua tayari, ulikuwa unalifanya kwenye "mo", sasa limehamia tu kwenye silabi nyingine. Anza bila metronomu kabisa, silabi moja, simama, angalia mkono na mguu vimefika pamoja, silabi ya pili, simama. Kama unapiga picha nane. Ukiweza mzunguko mzima mara tano ndo unaunganisha, afu ndo unawasha kliki kwenye 50.

Hapo sikiliza kitu kimoja: vitu viwili vinavyotakiwa kulia pamoja je vinalia pamoja kweli? Ukisikia "kra" badala ya "ka" maana yake kiki imefika na haihati iko njiani. Watu wengi wana huo mpasuko na hawaujui maana wakiwa wanapiga hawasikilizi, wako bize kukumbuka nini kinafuata. Kuna nguvu pia. Anayeanza karibu siku zote anaponda haihati kama anatwanga, kiki haisikiki, afu anashangaa biti haina uzito. Geuza, kiki na snea ziwe kubwa, haihati inong'one. Charlie Watts, mpiga dramu wa bendi ya Rolling Stones, alikuwa na tabia ya kuuinua mkono wa haihati kila anapopiga snea, haihati inanyamaza pale, snea inabaki peke yake. Siwaambii muige, nasema sikiliza rekodi zake uone kuacha pigo moja kunavyobadilisha kila kitu.

Sasa fili, ile mizunguko ya tomu kabla ya kibwagizo. Hapa nina kisa changu. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba mi sikimbii, mtu wa besi ndo mvivu, kwahiyo siku moja nikaweka simu kwenye kiti, metronomu spika kubwa, nikajirekodi baa tatu za biti na baa moja ya fili, nikarudia dakika kama nne, nikakaa kusikiliza nikitegemea kumtumia ushahidi. Biti ilikuwa sawa, sio mbaya. Fili ikaanza, tomu ya kwanza sawa, ya pili imewahi kidogo, tomu kubwa ndo tumeshaachana na kliki kabisa, krashi inalia afu "tik" inafuata nyuma kama mtu aliyeachwa na basi. Kila fili. Bila kukosa hata moja. Simu nikaiweka kimya kimya na ule ujumbe sikuutuma.

Kwanini fili inakimbia? Mkono wa haihati ndo ulikuwa saa yako, na fili ikianza umeiacha saa umeenda kuzunguka. Juu ya hapo unatoka kwenye mapigo mawili kwa biti unaingia kwenye manne bila kuhesabu, na una hamu ya ile krashi. Dawa iliyonifaa ina sehemu mbili. Mguu wa kushoto uwe unabonyeza haihati kwenye kila biti hata wakati wa fili, saa inahamia mguuni. Na mdomo usifunge, fili nzima unatamka polepole polepole polepole polepole, ukifunga mdomo tu unakimbia. Anza na fili ya kipumbavu, yaani mapigo ya snea tu, hakuna tomu, baa nzima. Ikitulia ndo unahamisha kundi moja kwenda tomu. Fili fupi iliyofika kwa wakati, bendi nzima itakupenda, fili ndefu iliyowahi watakuangalia tu.

Kujirekodi fanya kila wiki hata kama inauma, ila sikiliza kesho yake. Ukisikiliza hapo hapo bado kichwa kinakumbuka ulichokusudia, kesho yake unasikia ulichopiga.

Muda? Dakika ishirini na tano kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi, mwili unajifunza kwa kurudiwa rudiwa na kulala katikati. Mi huwa nagawa hivi, kumi za silabi na padi, kumi za kitu kimoja kinachonishinda, zilizobaki napiga wimbo ninaoupenda na kelele zote. Hiyo ya mwisho usiikate, ukiikata wiki ya tatu utaacha. Na siku nyingine utakuwa umechoka, utafanya tano tu, sawa.

Masikio sasa, na hapa sitanii. Kipimo kinachotumika makazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza desibeli 3 muda salama unakatika nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, ukifika 100 una dakika 15. Dramu kamili kwenye chumba kidogo inapita 100 bila shida. Vaa vizibo vya masikio au vile vifunika masikio vya mafundi, tangu siku ya kwanza, maana mlio ukianza masikioni hauna uhakika wa kuondoka.

Zoezi la mwisho ni la siku ambayo unajiona umeiva. Kwanza, unataka kupiga 80? Weka metronomu 40, na kila kliki iwe ndo snea yako, mbili na nne. Moja na tatu hakuna anayekusaidia, unazitengeneza mwenyewe. Ikikaa, tafuta programu ya metronomu inayoweza kunyamaza, iweke baa mbili inalia, baa mbili kimya, we unaendelea kupiga. Kwenye kile kimya ndo utajua muda uko kwako au ulikuwa unauazima. Mi mara ya kwanza kliki iliporudi nilikuwa nimeshafika biti ya pili.